Milisekunde 16: historia ya pawasaplai kwa sisi wa nchi ya majani chai



Kila shule zikifungwa napata swali la aina moja. Kijana amekusanya pesa zake, anataka kujenga kompyuta ya kuchezea gemu, ameshachagua prosesa na kadi ya michoro, halafu ananiuliza: "Mkubwa, pawasaplai ya wati ngapi itanitosha?" Swali la pili hutoka kwa watu wazima kidogo, wale wanaotaka kuweka seva ndogo nyumbani au dukani. Nao pia huuliza wati ngapi.

Leo nitajibu yote mawili, ila nitapitia njia ndefu ya historia. Swali la wati ni zuri sana kwa mtu ambaye stima ya ukutani kwake haikatiki. Sisi tunaoishi kati ya Kericho na Bomet tuna swali la kutangulia: stima ikipotea kwa kufumba na kufumbua, kisanduku chako kitashikilia kwa muda gani?

Kwa wageni wa mambo haya, pawasaplai ni kile kisanduku cha chuma chenye feni, mahali unapochomeka waya wa stima nyuma ya kompyuta. Kinapokea volti 240 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3 zilizotulia, ambazo vifaa vya ndani vinaweza kuzila. Hakuna anayekisifu. Lakini kikifa vibaya, hakifi peke yake.

Stima ilivyotufikia

Kenya Power wenyewe huanza kusimulia historia yao Zanzibar. Wanasema mwaka 1875 Sultani Seyyid Barghash alipata jenereta ya kuangazia jumba lake na barabara za jirani, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua. Hapo ndipo kampuni ya umeme ya Mombasa ilipozaliwa. Nairobi nayo ilipata yake mwaka huohuo, na mwaka 1922 mbili hizo zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Jina la Kenya Power and Lighting lilikuja mwaka 1983.

Lakini huku kwetu milimani, stima haikuanza na nguzo za kampuni hiyo. Ilianza na mito. Brooke Bond na African Highlands, ambayo baadaye tuliijua kwa jina la James Finlay, walianza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920. Sasa, kiwanda cha chai hakiwezi kungoja. Jani likishachumwa limeanza safari. Feni za kunyaushia zikisimama usiku, asubuhi una marundo ya majani yaliyopata joto na kuharibika. Kwa hiyo mashamba hayo yalijenga mitambo yao midogo ya kuzalisha umeme wa maji, mingine tangu miaka ya 1930, na kuweka jenereta za dizeli pembeni.

Bomet kuna mfano mzuri zaidi. Hospitali ya Tenwek iko karibu na maporomoko ya mto Nyangores, mto uleule unaoshuka kuungana na Amala na kuwa Mara. Kwa miaka mingi hospitali hiyo ilitegemea dizeli, mpaka mwaka 1987 ilipozindua mtambo wake wa umeme wa maji. Wakati huo vijiji vingi vilivyoizunguka bado vilikuwa vya koroboi.

Angalieni basi jambo hili, kwa maana ndilo uti wa mgongo wa makala yote: tangu mwanzo, yeyote huku ambaye hangeweza kuvumilia stima kupotea hakununua umeme mwingi zaidi. Alinunua njia ya kuvuka pengo. Tenwek hawakujenga mtambo kwa ajili ya taa za kupendeza, walijenga kwa sababu mgonjwa akiwa mezani haambiwi asubiri.

Sisi wengine tulifikiwa polepole. Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianza mwaka 1973, mamlaka ya kuusimamia ikaanza kazi mwaka 2007, na mradi wa Last Mile ukaja mwaka 2015 na kuunganisha nyumba nyingi zilizo karibu na transfoma. Tunashukuru. Ila laini ndefu ni laini ndefu. Inapita kwenye mikaratusi, inapanda vilima, na kila alasiri ya mvua mawingu yanayotoka upande wa Ziwa Victoria yanakutana na milima yetu. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe, hadi katika miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa kujaribu kuyapunguza makali mawingu hayo kabla hayajaharibu chai. Panapo mvua ya mawe, pana radi.

Na mara nyingine tatizo si la kwetu. Ukame wa mwaka 2000 ulileta mgao nchi nzima, na tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ililala gizani. Lakini kwa kompyuta, hilo giza refu si adui mbaya zaidi. Adui mbaya ni lile pengo dogo ambalo jicho halilioni vizuri. Taa inakonyeza, redio haizimiki, na kompyuta inajiwasha upya.

Kisanduku kilivyozaliwa

Pawasaplai za zamani zilikuwa na transfoma nzito ya chuma iliyoshusha volti, kisha sehemu ya kuzituliza ambayo iligeuza kilichozidi kuwa joto. Zilikuwa za kuaminika, lakini nzito kama jiwe la kusagia, na umeme mwingi uliishia hewani.

Njia mpya ilikuwa ya kukatakata umeme. Unaufanya uwe wa mkondo mmoja, unaukata maelfu ya mara kwa sekunde kwa transista, na kwa kasi hiyo transfoma ndogo ya kutosha kiganjani inafanya kazi ya ile kubwa. Kompyuta kubwa za makampuni zilikuwa zikitumia njia hii kabla ya sisi kuijua. Katikati ya miaka ya 1970 transista zenye kustahimili volti nyingi zilishuka bei, na vikatokea vijisakiti vya kuongoza ukataji huo, kama SG1524 ya Silicon General. Apple II ya mwaka 1977, ambayo pawasaplai yake ilibuniwa na Rod Holt, iliingiza njia hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani. Wengine humpa Apple sifa ya kuanzisha yote. Ukweli ni kwamba mlango ulikuwa umeshafunguliwa, Apple wakaingia mapema.

Kisha ikaja IBM PC mwaka 1981, na pawasaplai yake ilikuwa ya wati 63.5. Ndiyo, umesoma vizuri. Leo balbu chache za zamani zinashinda hapo. XT ya mwaka 1983 ikapanda hadi wati 130, na AT ya mwaka 1984 ikafika 192. Mwaka 1995 Intel wakatoa kipimo cha ATX, na huyo ndiye babu wa kila kisanduku unachonunua leo.

Hizo milisekunde 16

Kwa miaka mingi ndani ya kitabu cha ATX mlikuwa na kanuni ambayo haikuchapwa kwenye maboksi. Ilisema stima ya ukutani ikikatika ghafla, pawasaplai ikiwa na mzigo wake wote, ilikuwa lazima iendelee kuiambia madabodi "mambo ni sawa" kwa milisekunde 16 angalau, na kuendelea kutoa volti sahihi kwa milisekunde moja zaidi. Kwa nini 16? Sikuiona sababu ikiandikwa, lakini hesabu inashawishi. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama milisekunde 16.7. Kisanduku kilichofuata kanuni hiyo kilivuka pengo la takriban mzunguko mmoja wa Kimarekani.

Umeme wetu huzunguka mara 50. Mzunguko mmoja ni milisekunde 20.

Umeona? Kisanduku kilichofuata kanuni kikamilifu, bila kudanganya chochote, kikibeba mzigo wake wote, hakiwezi kuahidi kuvuka hata mzunguko mmoja wa stima ya Kericho ukipotea. Tawi likigusa waya na kuachia, imetosha.

Kinachoshikilia muda huo ni kapasita kubwa iliyo ndani, ile inayofanana na kopo dogo. Tufanye hesabu kidogo. Chukua kapasita ya mikrofaradi 330 iliyojazwa hadi volti 380. Ikishuka mpaka volti 300, ambapo visanduku vingi huanza kushindwa, itakuwa imetoa nishati ya takriban jouli 9. Kompyuta ya gemu inayonyonya wati 550 kutoka kwenye kapasita hiyo itazimaliza kwa milisekunde 16 hivi. Lakini seva ndogo inayonyonya wati 70 kutoka kwenye kapasita ileile itakaa karibu milisekunde 130, yaani mizunguko sita na zaidi!

Kumbe kisanduku kilekile ni dhaifu kwenye mashine moja na ni shujaa kwenye nyingine. Ndiyo maana kuuliza wati peke yake hakutoshi.

Swichi nyekundu, na sheria ya Ulaya iliyotusaidia

Waliowahi kushika kompyuta za miaka ya 1990 wanaikumbuka swichi ndogo nyekundu nyuma ya kisanduku, 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Upande wa 115 ulipanga kapasita mbili ziongeze volti maradufu, ili Mmarekani apate ndani volti zilezile anazopata mtu wa Ulaya. Ukiiacha hapo na kuchomeka kwenye 240 yetu, ndani zinafika karibu volti 680 kwenye kapasita mbili zilizotengenezwa kubeba 200 kila moja. Kinachofuata ni mlio, moshi, na harufu inayokaa wiki nzima. Mashine za mitumba kutoka nje zilikuja nazo sana, na ukikutana na kisanduku cha namna hiyo leo kwenye stoo ya shule, angalia swichi kabla hujagusa soketi.

Swichi hiyo ilianza kutoweka kwa sababu ambayo haikutuhusu kabisa. Mwaka 2001 Ulaya ilianza kudai vifaa vya zaidi ya wati 75 vinyonye umeme kwa ulaini, bila kuchafua laini za majirani. Watengenezaji wengi wakaweka sakiti ya ziada mbele ya kisanduku, ile inayotajwa kwenye maboksi kama "Active PFC". Sakiti hiyo ina tabia nzuri: inapandisha chochote inachopewa hadi volti 380 hivi, hivyo inakubali kuanzia volti 100 hadi 240 bila kuulizwa.

Kwa mtu wa mwisho wa laini hii ni baraka. Saa moja jioni, majirani wakiwasha pasi na birika, volti zinaweza kushuka hadi taa zibadilike rangi. Kisanduku cha zamani kisicho na sakiti hiyo kinaanza kuyumba. Chenye sakiti hiyo kinaendelea, ila kinanyonya mkondo mkubwa zaidi kufidia. Na sharti moja: soma kibandiko. Kama kimeandikwa 100–240, ndicho. Kama kimeandikwa 200–240 pekee, kiache hapo dukani.

Kompyuta ya gemu: umeme wa kurukaruka

IBM walipoanza, sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa kwenye volti 5. Mwaka 2000 Pentium 4 ilihamishia chakula cha prosesa kwenye volti 12 na kuleta plagi yake ya pini nne, na kadi za michoro zikafuata njia hiyo. Leo karibu kila kitu chenye njaa kinakula volti 12.

Hapa ndipo vibandiko vilianza kudanganya. Kisanduku kimeandikwa "500W" kwa herufi kubwa, lakini ukisoma mstari wa volti 12 unakuta ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Zilizobaki ziko kwenye volti 5 na 3.3 ambazo kompyuta yako haizihitaji. Zidisha kila mara. Ni hesabu ya darasa la nne na inaokoa pesa nyingi.

Jambo la pili ni kurukaruka. Kadi ya RTX 3090 ya mwaka 2020 ilitajwa kuwa ya wati 350, na RTX 4090 ya mwaka 2022 ikafika 450. Hizo ni wastani. Kwa vipande vidogo sana vya sekunde kadi kama hizo huruka juu zaidi ya hapo, na visanduku vilivyotosha kwa hesabu ya karatasi vikawa vinazima katikati ya gemu. Ndiyo sababu ATX 3.0 ya mwaka 2022 ilidai kisanduku kivumilie mruko wa hadi mara mbili ya wati zake kwa kitambo kifupi mno, mikrosekunde 100.

Kwa hiyo, kijana wangu, ushauri ni huu. Jumlisha kadi na prosesa, tuseme 220 na 120, ongeza 60 za vinginevyo, umepata 400. Nunua 650 ya ATX 3.0 au zaidi. Hizo 250 za juu zinakufanyia kazi mbili. Zinabeba mruko wa kadi, na kwa kuwa kapasita ya kisanduku cha 650 ilipimwa kwa mzigo mkubwa kuliko wako, zinakurefushia milisekunde.

Na ukipoteza stima hata hivyo? Umepoteza mechi. Inauma, najua, lakini kesho unaanza nyingine.

Seva: kilo za mtu

Seva si hivyo. Mimi nina moja nyumbani, upande wa Litein, mashine ya kawaida tu. Ndani yake mna hifadhidata ya kikundi cha majirani wanaouza majani mabichi. Kila jioni kilo za siku zinaingizwa, za kila mkulima. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa kilo, na bonasi ya mwisho wa mwaka huhesabiwa kwa kilo zilezile. Karatasi ya mizani hufifia, hulowa mfukoni, hupotea. Kukiwa na ubishi, nakala iliyo kwenye seva ndiyo mdomo wa yule mama aliyechuma tangu saa kumi na mbili asubuhi. Rekodi ya siku moja ikipotea, zimepotea kilo zake, na hakuna "kesho unaanza nyingine".

Programu nzuri zimejitahidi. Hifadhidata huandika kwanza kwenye shajara kabla ya kugusa rekodi zenyewe, na mifumo ya faili inafanya hivyohivyo. Linux ilipata ext3 mwaka 2001 kwa ajili hiyo. Lakini yote hayo yanategemea diski ikisema "nimeandika" iwe kweli imeandika, na diski za bei ya chini mara nyingine husema kabla ya kutenda. Pengo la stima likiangukia hapo, shajara haikuokoi.

Wakubwa walitatuaje? Seva za makampuni huwekwa pawasaplai mbili, kila moja kwenye laini yake. Ni wazo zuri palipo na laini mbili. Kwetu nguzo ni moja, kwa hiyo visanduku viwili vitakufa pamoja. Google walikwenda njia nyingine: mwezi Aprili 2009 walionyesha hadharani seva zao, na kila moja ilikuwa na pawasaplai ya volti 12 pekee pamoja na betri yake pembeni. Badala ya betri moja kubwa ya jengo zima, kila mashine ilikuwa na pengo lake na daraja lake.

Hilo ndilo la kuiga, na halihitaji utajiri. Seva inayokula wati 60 haihitaji kisanduku cha 750. Chukua cha 400 au 450, kizuri, chenye ufanisi hata kwenye mzigo mdogo, maana kinawaka saa 24 na bili ni yako. Alama za 80 PLUS, zilizoanza mwaka 2004, zitakusaidia kulinganisha, ila jua kipimo cha kawaida hufanywa kwa volti 115. Kwa 240 yetu matokeo huwa afadhali kidogo.

Kisha weka UPS ndogo mbele yake. UPS za kawaida huchukua milisekunde chache, hadi 10 hivi, kuhamia kwenye betri, na sasa unajua kwa nini hilo linawezekana: zile milisekunde za kapasita ndizo daraja la kwanza, betri ni daraja la pili. Tafuta inayotoa wimbi laini, kwa sababu baadhi ya visanduku vya Active PFC hukataa wimbi la ngazingazi. Funga programu huru iitwayo Network UPS Tools, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Huhitaji saa tatu za betri. Unahitaji dakika tano za heshima.

Mwisho, radi. Hakuna pawasaplai, ya bei yoyote, inayozuia radi. Mwambie fundi wa stima apime waya wa ardhi wa nyumba yako, weka kizuia radi kwenye boksi kuu, na mawingu yakianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa kompyuta ya gemu na waya wa intaneti pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa ufupi basi: kwa gemu, nunua wati za kutosha kuruka. Kwa seva, nunua muda. Viwanda vya chai walilijua hilo tangu miaka ya 1930, na Tenwek tangu 1987, wakati kompyuta za hapa zilikuwa za kuhesabika.

Makala ijayo nitaeleza jinsi ya kupima betri ya UPS ya mitumba kabla hujailipia. Kama una swali kuhusu kibandiko cha kisanduku chako, niandikie mistari yote ya volti na ampea, nasi tutazidisha pamoja.